Shuka ya Mama Kwenye Mlango wa Matambara

Katika mji wa Sirajini alitawala Sultani Nasihi bin Taufiki, na mji wenyewe ulikula kwa forodha. Forodhani palikuwa na jini aliyefungwa na babu yake Sultani, jina lake Barkimu, na kazi yake ilikuwa moja tu, kupokea nguo za majumbani zinazotoka ng'ambo. Milango ilikuwa mitatu. Vitu vya kulalia vilipita mlango wa kwanza, na ushuru wake mzito. Vya kutundika, mapazia na kadhalika, vilipita wa pili. Matambara ya kufutia yalipita wa tatu, karibu bure. Na huyo jini hafungui robota la mtu. Anauliza tu, "Nguo hii kazi yake nini?" Ukijibu, anapiga muhuri.

Sasa palikuwa na mfanyabiashara, Shaibu, na dada yake Mwanakombo, tumbo moja, na miaka saba hawasemezani. Ugomvi ni shuka. Mama yao alifia ng'ambo mikononi mwa Shaibu, akaacha shuka yake ya hariri, na kwao bi harusi hapandi kitandani mpaka kitandikwe shuka ya mamake. Mwanakombo akisema, "Ni yangu." Shaibu akisema, "Niliyemuuguza ni mimi."

Mwanakombo akaposwa na mfua fedha. Shaibu alipopata habari huko ng'ambo moyo ukamlainika, akasema bora nimpelekee mwenyewe. Akaitia ile shuka ndani ya robota moja na shuka arobaini za biashara, akasafiri. Alikuwa na mapenzi na ubahili, vyote akavifunga kamba moja.

"Kazi yake nini?" Barkimu akauliza.

"Matambara, bwana. Ya kufutia tu."

"Yote?"

"Yote."

Jini akapiga muhuri, na Shaibu akatoka akijichekea, na hakujiuliza kwa nini yule hafungui mizigo.

Asubuhi yake Shaibu akampelekea dada yake shuka ya mama, naye Mwanakombo akaitandika, na machozi yanamtoka. Shuka ikateremka kitandani yenyewe, ikaanza kusugua sakafu, ikafuta mpaka kizingitini. Akaikamata, akaitandika tena, ikateremka tena, ikaenda kufuta matope ya viatu vya wageni. Mashangazi wakashika vinywa.

"Kaka Shaibu! Miaka saba hunipi salamu, leo waniletea tambara nichekwe?"

"Wallahi dada, ni ile ile. Hebu tazama pindo, mama alilitia kiraka mwenyewe."

"Basi umeifanya nini?"

Shaibu akatazama chini. "Nimeiandikisha matambara. Nilikimbia ushuru."

"Ya mama?"

"Ilikuwa kwenye robota moja. Sikufikiri."

Wakaenda kwa Sultani, naye akashuka nao mpaka forodhani. Shaibu akapiga magoti. "Maulana, nilisema uongo. Nitalipa ushuru wote, ila irudishwe shuka ya mama yetu."

Jini akasema, "Ewe Sultani, mimi sipimi nguo kwa macho. Analolisema mwenye mali mbele yangu, ndilo linalokuwa. Arobaini zile ni zake, kazisema, zimekwisha. Hii moja naitilia shaka. Mwenyewe nani?"

Mwanakombo akafungua kinywa upesi. Jini akainua mkono.

"Taratibu, binti. Ukisema yako peke yako, itakuwa yako peke yako, na mama aliyeiacha vilevile. Nitapiga muhuri, na huyu hatakuwa na mama. Watu watamjua Shaibu aliyetoka hawajui wapi."

Ile shuka ilikuwa inafuta vumbi miguuni pao. Mwanakombo akamtazama kaka yake, na hasira za miaka saba zilikuwepo zote, hata moja haikupungua, na neno lenyewe, "yangu," lilikuwa fupi. Lakini akamwona vile anavyotetemeka kidevu, kama alivyotetemeka siku wanafunga safari na mama.

"Ni yetu," akasema. "Mimi na huyu."

"Na kazi yake?"

"Ya kulalia. Wote wawili tumezaliwa juu yake."

"Basi ina wenyewe wawili, na mmoja hakuulizwa," jini akasema. "Neno la kwanza halikutimia." Akapiga muhuri wa mlango wa kwanza, na shuka ikatulia mikononi mwao. Ushuru akaulipa Shaibu, mzito vilevile.

Zile arobaini zilibaki matambara. Akazipeleka misikitini, zikafuta miguu ya wanaotawadha. Sultani akafurahi kwa ungamo lake, akampa duka karibu na forodha, na akatajirika humo akiuza mapazia, na kila pazia akilitaja pazia.

Harusi ikaliwa siku tatu. Siku ya kutandika kitanda, Mwanakombo alishika pindo moja, na la pili akamwachia kaka yake, na mashangazi waliokuwa na la kusema wakatafuta la kufanya jikoni. Hawakuelewana kwa kila kitu tangu siku ile, nisiwadanganye. Waligombania nyumba, waligombania mchumba wa mtoto. Ila hakuna aliyesema tena, "Mama ni wangu."

Hiyo ndiyo hekaya yangu, na mimi nimeifikiri sana. Sisi tunagombana kila siku na maneno yetu yanapita hewani, hatuna jini wa kutupigia muhuri. Tungekuwa naye, ni wangapi kati yetu wangekuwa bado na ndugu?