Fisi Katika Banda la Picha la Panya

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na nini?
Na banda!
Ndani ya banda?
Giza, na sisi tumo!

Hapo kale Panya alikuwa na banda la picha. Alionyesha kanda moja tu, kuukuu, ya panya mkubwa kama nyumba anayekula watu. Mkia wake ni wa mpira, unavutwa kwa uzi, na uzi wenyewe unaonekana. Wanyama wote waliujua uzi ule. Lakini panya yule akitokea tu, wanapiga mayowe, na kesho wanarudi tena. Picha nzuri ndivyo ilivyo.

Mchana mmoja, picha imeanza, Fisi akaingia. Akafunga mlango, bwe! Akaketi akiuegemea.

"Shikamoo, Mjomba Fisi," alisema Panya.

"Marahaba. Hatoki mtu. Leo nawala nyote, na naanza na mtoto wa Digidigi."

Mama Digidigi akamkumbatia mwanawe.

"Kula tu, Mjomba," alisema Panya. "Ila nyama isiyo na hofu ni ngumu. Ngoja picha iwatishe, ilainike."

Fisi akameza mate, gudu! "Haya, nangoja."

Picha ikaenda, tririri, tririri. Panya akatafsiri maneno ya kwenye picha, kama kawaida yake: "Huyu mlinzi ni mlafi. Ameegemea mlango. Anadhani yuko salama..."

Sasa, katika banda lile, watazamaji humwonya mtu wa kwenye picha. Wakapiga kelele wote, Mama Digidigi akiwashinda kwa sauti: "Nyuma yako! Nyuma yako!"

"Nyuma ya nani?" aliuliza Fisi.

"Nyuma yako, mjinga wewe!" alifoka Kobe, macho hayabanduki kwenye picha.

Panya akapenya tundu lake, akazunguka nje, akapitisha mkia kwenye ufa wa mlango. Tekenya, tekenya, kisogoni kwa Fisi.

"Mama wee! Katoka kwenye picha!"

Fisi akang'oa mlango, akakimbia nao, kibwi, kibwi, kibwi, mpaka ng'ambo ya mto.

Mwanga ukajaa bandani.

"Nani kafungua mlango?" Kobe alilalamika. "Hatuoni!"

"Rudisha nyuma, Panya," Mama Digidigi alisihi. "Pale pa mlinzi. Mwanangu hakuona, nilimziba macho."

Hadithi yangu imezimika. Kila mmoja atoke na kivuli chake. Na funzo, wadogo zangu, ni hili: picha za kutisha hazina faida yoyote. Msizitazame kamwe. Na mkienda kuzitazama, niwekeeni nafasi benchi la mbele.