Wigi la Kapteni Bramwell

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu, maana nikianza kucheka hakiishi.

Marekani ilipokuwa ikipigania uhuru, Kapteni Bramwell, Mwingereza, aliufunga mji na kuapa kumnyonga jasusi atakayetoka langoni. Dorkasi alikuwa msusi wa mawigi mjini humo; mumewe alikuwa ng'ambo ya mto na wapiganaji wa uhuru, nao wangeshambuliwa kesho yake.

Kapteni alikuja kwa Dorkasi kusukwa wigi lake. "Kesho tunawafagia kwa njia ya mto," alijigamba. "Kawaambie basi, mama, uonje kamba!"

"Mimi, bwana? Kwa miguu hii? Hebu tulia, nikulazie misokoto kushoto. Inakurudishia ujana."

Kapteni akapanda ukutani, kama kawaida yake kila jioni, kuwatukana wapiganaji, akigeuza kichwa wamwone vizuri.

Kesho yake alirudi amelowa chapachapa, bila wigi. "Walitusubiri mtoni! Nani alitoka?"

"Hakuna, bwana," mlinzi wa lango akajibu.

Ng'ambo, mume wa Dorkasi alikuwa akiifuta darubini yake. "Misokoto kushoto ni mto, kulia ni barabara," aliwaambia wenzake. "Ndivyo tulivyoagana na mke wangu."

"Hata ukutani hakupanda mtu?" Kapteni alifoka.

"Ulipanda wewe tu, bwana."

"Basi ninyongeni mimi!"