Ngiri Aliyekataa Kukaguliwa

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Niitoe?"

"Itoe, masikio yetu yako wazi!"

Hapo zamani za kale, sumu iliua wanyama wengi mno. Waliobaki wakala kiapo: hakuna kuweka sumu nyumbani tena. Chui akawa mkuu wa baraza. Pimbi, kwa kuwa ni mdogo na anapenya kila tundu, akawa mkaguzi.

Siku moja ukazuka uvumi kwamba Ngiri ameficha sumu shimoni mwake. Pimbi akatumwa.

"Hodi, Bwana Ngiri!"

"Sina nafasi. Njoo kesho."

Akaenda tena. "Hodi, Bwana Ngiri!"

"Hii ni nyumba yangu, si njia ya kila mpita njia!"

Akaenda mara ya tatu. Ngiri akamtolea meno. "Ukiingia, hutoki!"

Chui aliposikia, alighadhibika. Akamwamuru Kiboko, "Ziba njia ya mtoni. Ngiri yeyote asionje maji."

"Mzee, watoto wamekosa nini?" Pimbi akauliza.

"Wamuulize baba yao."

Jua likawaka. Watoto wa Ngiri wakalia kiu, wakalia, hata sauti zikawakauka. Kitindamimba akafa.

Hapo mama yao akamsukuma mumewe kando. Akamwita Pimbi, "Ingia, ndugu yangu! Ingia utazame!"

Pimbi akaingia, akapekua kila pembe. Vumbi tupu.

"Kumbe huna kitu! Mbona ulikataa?"

"Chui huogopa kunila akidhani nina sumu. Akijua sina kitu, atanila," Ngiri akanong'ona.

"Umejilinda wewe. Mwanao nani kamlinda?"



Pimbi akarudi barazani. "Shimo ni tupu, na mtoto amekufa. Fungueni mto! Na sasa, Mzee Chui, nipishe nikague pango lako."

Chui akacheka. "Pango la mkubwa halikaguliwi."

"Basi tafuteni mkaguzi mwingine!"

Kiboko akaona haya, akasogea, ngiri wakanywa. Lakini aliyekufa hakurudi. Pimbi akahamia majabalini, na hadi leo ukipita huko utamsikia akimpigia Chui kelele: "Fungua na wewe! Fungua na wewe!"

Wenzangu, kiburi cha baba na dhuluma ya mkubwa humzika mtoto asiye na kosa. Anayetaka mlango wa jirani ufunguliwe, aanze kufungua wake.

Hadithi yangu imekoma hapo. Utamu wake nendeni nao, uchungu wake niachieni mimi.