Siwema na Mashaka Ndani ya Shimo la Muhanga

Hapo kale, kale ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia tu kwa wengine, wanyama walikuwa na majiko na mikeka kama sisi. Waliazimana chumvi, wakakopeshana mchi na kinu, na watoto wao walitumwa maji kisimani. Sogeeni karibu, wanangu, maana hii si ya kusikilizia mbali.

Katika Bonde la Kikwaju palikuwa na nyumba mbili zinazotazamana. Ya kwanza ilikuwa kichuguu cha Mama Siwema, nguchiro mjane. Ya pili ilikuwa handaki la Mama Mashaka, ngiri mwenye sauti kubwa. Akina mama hao walipendana sana. Huyu akikosa moto, huvuka njia akaomba kaa kwa mwenzake, na hapo hukaa wakiongea mpaka kaa lenyewe likazimika.

Lakini watoto wao! Siwema Nguchiro na Mashaka Ngiri hawakuiva chungu kimoja hata siku moja.

Siwema alikuwa mdogo, mwepesi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wembe. Ndiye aliyeanza. Walipokuwa wakicheza kombolela alimwita Mashaka "Pipa," na wenzao wote wakalishika jina hilo. Mashaka akamsukuma, puu! matopeni. Siwema akaenda kuchuma upupu, akaupaka kwenye mkeka wa Mashaka. Ngiri wa watu alijisugua kwenye kila mti bondeni, kwaru kwaru, siku tatu, huku kila apitaye akicheka.

Siku ya nne Mashaka alikuja kimyakimya, akaketi juu ya mlango wa kichuguu, akauziba wote kwa makalio yake. Alikaa hapo asubuhi nzima. Ndani, mdogo wa Siwema alikuwa na homa. Hewa ikawa nzito, mtoto akaanza kuhema kwa shida, kisha akazimia. Alipona, ndiyo. Ila tangu siku hiyo Siwema hakumsemesha tena Mashaka. Akimwona njiani, alitema mate pembeni.

Basi ikaja hofu bondeni.

Mtoto wa Mama Kanga alitumwa maji, hakurudi. Baada ya siku mbili, mtoto wa Mzee Digidigi naye hakurudi. Waliokwenda kumtafuta walikuta kibuyu kimelala ubavu, maji yakiendelea kutoka, tone, tone, tone. Kando yake palikuwa na nyayo. Nyayo pana, za duara, zisizo na alama ya kucha.

"Ni yeye," Mama Mashaka alisema, na ile sauti yake kubwa ikatoka ndogo. "Chui amehamia kwetu."

Majiko yakawa yanazimwa mapema. Milango ikazibwa kwa miiba. Ila maji ni maji, lazima yachotwe. Ikakubaliwa kwamba watoto wasiende kisimani peke yao. Waende wawili wawili, kila mmoja na mtoto wa jirani.

"Mimi? Na Pipa?" Siwema alipiga kelele. "Mama, heri niende na huyo Chui mwenyewe!"

Mama yake alimziba mdomo kwa mkono. "Funga kinywa chako, mwanangu! Usimwite!"

Siku ya kwanza walikwenda, Siwema mbele, Mashaka hatua kumi nyuma, hakuna aliyesema neno. Siku ya pili, vivyo hivyo.

Siku ya tatu ilikuwa adhuhuri, jua la utosini. Njia ya kisimani hupita katikati ya vichaka, na hapo nyenze hupiga kelele mpaka masikio yanaziba. Siwema alikuwa akitembea na kibuyu chake, ghafla akasimama. Manyoya ya mgongo yalimsimama yenyewe.

"Mashaka," akaita. Lilikuwa neno la kwanza baada ya miezi mingi. "Unasikia?"

Mashaka akatega sikio. "Sisikii kitu."

"Ndivyo hivyo. Hakuna kinacholia. Nyenze wote wamenyamaza."

Walisimama. Hata njiwa hakulia. Kisha sauti nzuri, laini, ikateremka kutoka juu ya mti uliokuwa mbele yao.

"Hamjambo, wajukuu zangu?"

Siwema aliinua macho polepole. Aliona mkia kwanza. Mkia mrefu wa madoadoa, unaning'inia, unayumba huku, unayumba kule. Juu yake, katikati ya majani, macho mawili ya manjano yalikuwa yamewakazia.

"Shi... shikamoo," akajibu Mashaka, maana ndivyo alivyofunzwa nyumbani.

"Marahaba. Watoto wenye adabu! Sogeeni niwapokee hivyo vibuyu. Mmechoka, maskini."

"Kimbia!" Siwema alipiga yowe.

Vibuyu vikaanguka, pwaa! Nyuma yao ardhi ikalia, puu! Chui ameshuka. Siwema alikimbia bila kuangalia. Alisikia kwato za Mashaka pembeni yake, na nyuma ya kwato hakusikia chochote, maana Chui akikimbia hatoi mlio. Hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Shimo!" Mashaka akapaza sauti. "Shimo la muhanga, pale!"

Siwema akajitupa ndani ya tundu hilo la mla mchwa. Mashaka akageuka, akaingia kinyumenyume kama ngiri wote wanavyoingia, akamsukuma Siwema kwa makalio mpaka kwenye kona ya shimo, na ng'ambo ya kona.

"Unaniponda!"

"Nyamaza! Amefika."

Mwanga wa mlangoni ukazimika. Chui alikuwa amechungulia. Pumzi yake iliingia shimoni, ya moto, inayonuka damu iliyolala.

"Wajukuu zangu," akasema kwa upole, "mbona mnanipa kazi ya kuchimba?"

Kwaru. Kwaru. Kwaru. Akaanza. Udongo ukawa unawamwagikia. Kisha akapumzika kidogo, akaanza tena. Hakuwa na haraka hata kidogo.

Siwema alijibana nyuma kabisa. Hapo mgongo wake ukagusa upepo. Akageuka. Kulikuwa na ufa, njia ya panya buku, na mwishoni mwake kulikuwa na jicho dogo la mwanga. Aliingiza kichwa, kikapita. Akaingiza mabega, yakapita.

Nguchiro anapita. Ngiri hapiti.

Siwema alitambaa katika ule ufa mpaka akaona majani na mbingu. Hatua mbili tu, naye yuko nje, anakimbilia kwa mama yake. Nyuma yake akasikia mlio mdogo. Mashaka alikuwa akilia, kwa sauti ya chini sana, asisikiwe.

"Siwema?" alinong'ona. "Umetoka?"

Siwema hakujibu.

"Kama umetoka, nenda tu. Mwambie mama nilimwamkia Chui vizuri, asije akasema sina adabu." Akavuta kamasi. "Na mdogo wako... siku ile sikujua kama anaumwa. Nilidhani mtacheka. Nilisikia kilio cha mama yako, nikaogopa kuinuka, nikaogopa kubaki. Tangu siku ile kila nikilala nakisikia."

Siwema alitazama mbingu. Ilikuwa karibu kabisa. Miguu yake ilitaka kwenda, na haikwenda. Miezi yote ile alikuwa ameishika ile chuki kama mtu aliyeshika sufuria ya moto na hataki kuitua, na sasa alihisi vidole vikimlegea. Akarudi nyuma, tako kwanza, mpaka gizani.

"Mimi ndiye niliyeanza," akasema. "Mimi ndiye niliyekuita Pipa."

Mashaka alishtuka. "Mjinga wewe! Mbona umerudi?"

"Nyamaza nifikiri."

Kwaru. Kwaru. Mwanga ulikuwa umeanza kuonekana kwenye kona. Siwema alipapasa uso wa Mashaka gizani. Akagusa pua, mashavu, kisha meno mawili ya pembeni, machanga, yaliyochongoka kama sindano za kushonea magunia.

"Mashaka," akanong'ona, "unaweza kupuliza pua kwa nguvu, mfululizo, kama nyoka mkubwa?"

"Naweza. Lakini..."

"Na akiingiza mkono, utamchoma mara moja tu. Meno mawili, kwa pamoja, kisha uyachomoe. Usimng'ang'anie. Mara moja."

"Nimchome Chui? Mimi?" Sauti ya Mashaka ilikatika. "Siwema, ninaogopa mpaka nimejikojolea."

"Hata mimi. Nipo mgongoni kwako. Sitoki."

Siwema akavuta pumzi, akapiga ukunga ambao ulitoka wenyewe, maana hofu alikuwa nayo ya kutosha.

"Mama weee! Koboko! Koboko yuko humu! Ameshamwuma Mashaka!"

Kuchimba kukakoma.

"Fssssss!" Mashaka akapuliza. "Fsssssssss!" Shimo zima likavuma.

"Mh," akasema Chui. "Nguchiro anaogopa nyoka? Kwenu si ndiyo kitoweo?"

"Wale wadogo, babu! Huyu ni mnene kama mguu wako! Ana mayai, ana hasira! Mashaka anatoka povu! Babu Chui, nakusihi, nyosha mkono univute! Heri unile wewe!"

Chui alikuwa akifikiri. Nguchiro anayemlilia chui amtoe! Hajawahi kusikia jambo kama hilo. Lakini alikuwa na njaa, na njaa haina subira. Mkono ukaingia. Mkono mrefu wa madoadoa, umeficha kucha, unapapasa ukuta, unakuja, unakuja, ukafika kwenye kona.

Mashaka hakutikisika. Siwema alihisi mgongo wa ngiri ukikakamaa kama gogo.

Mkono ukavuka kona.

Twaa!

"Yalaaa!" Chui aliunguruma mpaka udongo ukawaangukia. Mkono ukatoka kwa kasi. Nje, juani, Chui akautazama. Matundu mawili, sawasawa, yamekaa pamoja, na damu inatiririka.

"Nimeumwa," akasema. Ile sauti laini ilikuwa imekwenda. "Nimeumwa na koboko!"

"Pole, babu," Siwema alisema kutoka gizani, akilia machozi ya kweli. "Alimwuma hivyo hivyo Mashaka. Umeanza kuona kizunguzungu?"

"Ninaona!" Chui alipiga kelele, na kweli alikuwa akikiona, maana mwoga akiambiwa anaumwa huugua papo hapo. "Nifanye nini? Ninyi nguchiro mnazijua sumu! Niambie, mtoto!"

"Sumu ya koboko hupanda kwa aliye kwenye ardhi yake, babu. Vuka mto, kaa ng'ambo, haitakuua. Lakini siku utakayoikanyaga tena ardhi ya bonde hili, itaamka mwilini, hata iwe baada ya miaka kumi!"

Chui hakuaga. Walimsikia akiondoka kwa miguu mitatu, akivunja vijiti kama ng'ombe, mpaka kwa mbali maji ya mto yakalia, chubwi!

Hawakutoka. Walikaa wameshikana gizani mpaka nyenze mmoja alipoanza kulia kule juu. Kisha wa pili. Kisha kichaka kizima.

"Haya, sasa," Siwema alinong'ona.

Walirudi nyumbani bila vibuyu, wamejaa udongo mpaka kwenye kope. Mama zao walikuwa wamesimama njiani. Mama Mashaka alikuwa ameshika fimbo, lakini alipowaona wameshikana, fimbo ikamdondoka.

"Makubwa haya! Ninyi? Pamoja?"

Mashaka alianza kueleza, akashindwa, akabubujikwa machozi. Siwema ndiye aliyemaliza maneno, na alipofika pale penye mkono wa Chui alisema, "Yeye ndiye aliyemchoma. Mimi nilipiga kelele tu."

"Uongo!" Mashaka akasema. "Yeye angeweza kutoka. Alirudi."

Wakaanza kubishana hapo hapo, nani hasa aliyemshinda Chui, na mama zao wakawaacha wabishane.

Chui hakuvuka tena mto. Siku nyingine walimwona ng'ambo, amekaa, akilamba mkono na kulitazama bonde kwa wasiwasi. Kwa miezi mingi Mashaka aliendelea kuota ndoto mbaya, na Siwema hakuweza kusikia nyenze wakinyamaza bila kusimama. Siku hizo, yule aliyekuwa na hofu alivuka njia tu, akaenda kukaa kwa mwenzake.

Hata leo ukipita mbugani utamwona ngiri amelala chini ametulia, na nguchiro yuko juu yake anamtoa kupe mmoja mmoja. Hapo wanapiga soga zao, na mimi nimewaacha palepale.

Wanangu, mnayegombana naye leo anaweza kuwa ndiye atakayerudi gizani kwa ajili yenu, basi msikawie kupatana.