Programu Isiyoguswa

Jambo la mwisho la kawaida kutokea katika nyumba ya Mwalimu Mbonea ni kwamba mkewe, Naetwe, alionja chai akasema imezidi tangawizi. Kisha akaenda hospitali kupima presha, na hakurudi.

Naetwe aliacha kitu ambacho kijiji chao kizima, huko milimani Upareni, kilikitegemea: programu ya zamu za maji. Kijiji kina ndiva, yaani bwawa linalojazwa na kijito usiku na kufunguliwa mchana, na kila shamba lina zamu yake. Hapo awali zamu zilipangwa kwa mdomo, na watu waliinuliana majembe. Programu ya Naetwe ilipanga zamu hizo na kumtumia kila mkulima ujumbe kwenye simu. Ugomvi ukaisha.

Baada ya msiba, kompyuta ilibaki mikononi mwa Mwalimu, naye akaweka sharti moja: programu haiguswi.

Lakini ilikuwa imetengenezwa kwa mashamba sitini. Mwaka uliofuata mfereji ulirefushwa, yakaongezeka mashamba mapya kumi na mawili, na programu ikayakataa. Wenye mashamba hayo wakawa wanaambulia masalia. Mmoja wao, Mama Eliamini, alimfuata Mwalimu nyumbani.

"Mwalimu, maharage yangu yametoa maua. Yakikosa maji wiki hii, basi tena."

"Programu haina nafasi, mama."

"Programu haina nafasi, au wewe?"

Siku hiyohiyo Mwalimu alimwita Nakijwa, binti wa kijiji hicho aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta mjini, aje aweke toleo jipya lenye nafasi ya mashamba yote. Nakijwa alipokuwa akifanya kazi, Mwalimu alisimama uani, mgongo akiupa mlango.

Toleo jipya likatuma ujumbe jioni. Kesho yake asubuhi hakuna mtu aliyefika kwenye ndiva. Bwawa likajaa, likafurika, na maji ya nusu siku yakaishia korongoni. Mchana wakafika watu wanne kwa pamoja, kila mmoja na jembe lake, wakigombea mlango mmoja wa maji. Wenye mashamba ya zamani wakashinda. Mama Eliamini akapanda kwa Mwalimu, simu mkononi.

"Nisomee hapa. Zamu yangu eti ni saa kumi na nne. Hiyo saa inapatikana hapa duniani?"

Nakijwa aliisoma, akajishika kichwa. Kompyuta huanza kuhesabu saa usiku wa manane, nasi huanza kunapopambazuka. Alisahau kuzigeuza. Aliyepewa maji ya saa mbili asubuhi aliandikiwa "saa nane", naye akafika saa nane mchana kama mtu mwenye akili zake; walioandikiwa saa zisizokuwepo wakaja kwa kukisia.

"Naetwe asingefanya kosa hili," Mwalimu alisema taratibu.

"Inawezekana, Mwalimu. Turudishe toleo lake kwanza, watu wapate maji kesho. Alihifadhi nakala?"

Mwalimu alifungua folda ambayo hakuwahi kuifungua tangu mazishi. Alitarajia programu moja. Alikuta thelathini na moja, zimepangwa kwa namba, na kila moja ina maelezo mafupi ya kilichobadilishwa. Akaanza kusoma kutoka juu.

"Toleo la 3. Nilisahau kugeuza saa. Mzee Kibacha amepewa maji saa kumi na tano, amekuja kuniuliza kama saa hiyo inauzwa dukani. Nimerekebisha. La 2 nimeliacha, nikikosea tena nirudi."

Nakijwa alicheka, kisha akajizuia, akamtazama Mwalimu.

"Cheka tu," Mwalimu alisema. "Hakuwahi kuniambia."

Aliendelea kusoma. "Toleo la 19. Mbonea analalamika maandishi ni madogo. Nimeyakuza."

Ile programu aliyoilinda isiguswe, Naetwe mwenyewe alikuwa ameigusa mara thelathini.

Jua lilikuwa bado juu walipolirudisha toleo la 31, na kila mwenye shamba la zamani akapata ujumbe sahihi wa kesho yake. Nakijwa akaketi kurekebisha saa. Safari hii Mwalimu alivuta kiti akaketi karibu naye, akiuliza kila anachokibadilisha.

Asubuhi iliyofuata Mwalimu alijitumia ujumbe wa majaribio kwenye simu yake mwenyewe. Ulisema saa mbili asubuhi, na ilikuwa saa mbili asubuhi. Akafungua folda, akaandika: "Toleo la 32. Limetengenezwa na Nakijwa. Mashamba sabini na mawili. Saa zimegeuzwa na kujaribiwa. La 31 lipo." Toleo hilo likatuma zamu za kesho yake, na zamu ya Mama Eliamini ilipofika, Mwalimu akampigia simu.

"Shuka na jembe lako, mama. Nipo hapa mpaka uniambie maji yamefika."

Funzo: Anayeipenda kazi ya aliyetangulia huiendeleza. Ihifadhi ya zamani, ijaribu mpya kabla hujawapa watu, na andika ulichobadilisha, ili ukikosea ujue pa kurudi, na ukifaulu mwingine ajue pa kuanzia.