Jumba la Sultani Lisilokwisha

Hapo zamani, enzi ambazo mkubwa alikuwa haulizwi bei wala tarehe, palikuwa na Sultani akiitwa Harithi, mtawala wa mji wa Mwamboni. Alikuwa mwingi wa heshima na mgumu wa mkono. Siku moja akamwita Mwinyikombo, fundi bingwa wa mawe na chokaa, akamwambia, "Nijengee jumba la ghorofa. Likiisha, nitakulipa ujira wako wote."

Fundi akajenga. Akakopa boriti, akakopa chokaa, akaweka nyumba yake rehani kwa mwenye tanuri la chokaa. Jumba likasimama jeupe, la kupendeza, na Sultani akahamia na wake zake na mazulia yake na kasuku wake. Lakini kila fundi alipokwenda kudai, aliambiwa, "Halijaisha." Leo mlango unalia. Mlango ukitiwa mafuta, kesho pana mjusi ukutani. Jamani, mjusi! Fundi amfukuze mjusi, arudi, aambiwe kivuli cha nguzo kimeangukia upande mbaya. Ikawa miezi inapita, hata mwenye tanuri akachoka kungoja, akatuma neno kwamba Jumamosi asubuhi anakuja kuichukua nyumba. Mke wa fundi akaanza kukunja mikeka huku analia.

Basi mjini mle palikuwa na sheria iliyowekwa na babu yake Sultani. Mjenzi na mwenye jengo wakigombana, huchaguliwa mwamuzi mmoja, naye hukata shauri siku ile ile, na neno lake hufuatwa papo hapo. Asiyeridhika hutii kwanza, kisha ndipo aende kwa kadhi akabishane mpaka achoke. Alhamisi ile fundi akaiomba sheria hiyo barazani. Sultani akaona haya kuikataa mbele za watu, ila hila hakukosa. Akasema, "Taibu. Mwamuzi na awe Vuai."

Baraza zima likaangua kicheko. Vuai alikuwa mtu hana mbele wala nyuma, kanzu yake moja viraka vitupu, kutwa sokoni akizungumza peke yake. Fundi akakubali. Angefanyaje, maskini?

Vuai akaletwa, akaketi juu ya zulia na miguu yake ya vumbi, akauliza, "Bwana wangu, ahadi ilikuwaje?"

"Jumba likiisha, nilipe."

"Na limekwisha?"

"Bado."

"Na wa kusema limekwisha ni nani?"

"Ni mimi! Nani mwingine?"

"Basi Sultani ameshinda," akanena Vuai. "Leo hadaiwi hata pesa moja."

Mwinyikombo akajishika kichwa. "Vuai, umeniua! Nitawalaza wapi wanangu?"

"Ngoja, sijamaliza. Jumba lisilokwisha lataka kazi. Naamuru fundi na watu wake warudi kazini kesho alfajiri, wala asiwepo wa kuwazuia, mpaka Sultani kwa kinywa chake aseme mbele ya watu kwamba jumba limekwisha. Akishasema, alipe siku hiyo hiyo."

Sultani akaona kazi ya bure imemjia yenyewe. Hukumu ikaandikwa, akaipiga muhuri, anacheka mpaka kilemba kinamwenda upande. Huko nje Vuai akamnong'oneza fundi, "Anza na dari."

Nanyi mwaijua dari ya chokaa, haikamati mpaka ipigwe. Hupangwa watu safu safu, wanaume kwa wanawake, kila mmoja na kipande chake cha mbao, wakaitwanga kwa nyimbo na ngoma. Basi Ijumaa alfajiri wakapanda huko darini, juu ya kichwa cha Sultani, wakaanza. Pu! Pu! Pu! Kasuku akapiga ukelele, wake wakakimbilia ua wa nyuma. Waziri akapanda mbio kuwazuia, akamkuta Vuai ameketi ngazini na hukumu yenye muhuri.

"Tii kwanza, bwana Waziri," akasema Vuai. "Kubishana baadaye."

Watwangaji wakashuka kwenda kusali, maana si makafiri, kisha wakapanda tena. Na saa hiyo Sultani alikuwa na wageni, wajumbe wa mfalme jirani waliokuja kumposa binti yake. Pilau ikaletwa. Pu! Vumbi la chokaa likaingia katika pilau. Mkuu wa wajumbe akaufuta mdomo wake, akauliza kwa adabu, "Bwana, kumbe jumba bado lajengwa? Sisi twaweza kurudi na posa yetu mpaka mwakani, ukishapata pa kukaa."

Loo! Aibu gani hiyo! Sultani akasimama, akapaza sauti hata sokoni wakasikia, "Jumba limekwisha! Limekwisha kabisa! Shukeni!"

Ngoma zikanyamaza. Vuai akaingia, akainama. "Wageni wetu mmesikia. Bwana wangu, hazina iko mlango upi?"

Sultani akalipa, meno ameyauma, na jioni ile ile Mwinyikombo akaikomboa nyumba yake. Mwenye tanuri akazihesabu fedha, akaenda zake.

Lakini Sultani hakulala na donge hilo. Jumamosi akaenda kwa kadhi. "Nimelipishwa jumba lenye kasoro. Ngazi ya nyuma imepinda!"

"Kubishana ni haki yako, madhali umelipa," akasema kadhi, akachovya kalamu. "Na kasoro ikiwapo, fundi ni wajibu wake kuitengeneza. Naandika basi arudi kwako kesho alfajiri, yeye na watu wake wote, na ngoma zao."

Sultani akamdaka mkono. "Usiandike, kadhi wangu! Ngazi nimeitazama vizuri. Imenyooka."

Hadithi yangu nimeitua hapo. Nawe unayesikiliza, kama pana fundi anakudai, unangoja nini? Inuka!