Mwenye Beberu ni Nani?

Lori la tajiri Kasanda lilimkwepa beberu wa Nyamizi aliyekuwa akizurura barabarani, likavunjika taa zote na kulala juu ya kunde za mama huyo. Kesho yake Kasanda akamburuta Nyamizi kwa mwenyekiti wa kijiji.

"Mwenye mnyama ndiye anayelipa kila kilichoharibika!" alifoka. "Nataka shamba lake."

"Ni kweli, ndivyo tunavyoamua hapa," alisema mwenyekiti.

Nyamizi akajitupa chini. "Chukua shamba, baba, ila beberu wangu niachie! Watu wanatoka mbali kumletea mbuzi wao awapande."

Macho ya Kasanda yakang'aa. "Shamba baki nalo. Namtaka beberu."

"Haya," Nyamizi alilia, "lakini jana jioni alimpanda mbuzi wa Masele. Kitoto nilichoahidiwa kama malipo ni changu, maana jana beberu alikuwa bado wangu."

"Thubutu! Beberu ni wangu tangu jana asubuhi, kabla hata hajakanyaga barabara! Mwenyekiti, wewe ni shahidi!"

"Nimesikia," alisema mwenyekiti, akianza kubana kicheko.

Nyamizi akafuta machozi, akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Basi, baba, taa za lori utajilipa mwenyewe. Mimi nataka kunde zangu, zilizolaliwa na lori kwa sababu ya mbuzi wako."

Mwenyekiti alicheka hadi kofia ikamdondoka.

"Na tafadhali," Nyamizi aliongeza, "mfunge kamba. Anatusumbua sana hapa kijijini."